Ngoma ilipohamia hotelini

Wahariri, wiki hii mwauliza wasomaji: pesa imeiua hip hop ama imeikuza? Swali nimelisoma juzi nikivuka Likoni, simu mkono huu, mfuko wa viazi mkono ule, nikaona nikinyamaza ntalala vibaya, manake kitu hiki nimekula nacho na kulala nacho tangu 1996. Jibu langu si fupi, mnisamehe, na halitawafurahisha wale jamaa wa "hip hop ya ukweli ilikufa zamani" wala wale wa "kama hulipwi wewe si msanii".

Kwanza kuna hadithi moja yanikera. Watu wapenda kuisimulia kama vile hapo mwanzo kulikuwa na usafi mtupu, vijana maskini na mapenzi ya sanaa, alafu siku moja pesa ikaingia kama nyoka chumbani. Si kweli. Ile pati inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa hip hop, tarehe 11 Agosti 1973, jumba namba 1520 Sedgwick Avenue kule Bronx, New York, aliyeipanga alikuwa Cindy Campbell, dadake DJ Kool Herc aliyepiga muziki usiku huo, na huyo dada alikuwa ataka pesa za kununua nguo za kurudi nazo shule. Kiingilio wasichana senti 25, wavulana senti 50. Yaani kabla mtu hajashika maiki mlango ulikuwa ushaanza kukusanya. Pesa haikuja baadaye, ilikuwepo, tena ndo sababu ya pati yenyewe.

Sasa tofauti ni hii: mwenye kulipa alikuwa mle ndani. Ametoa senti zake 50, amesimama hatua tano kutoka kwa spika, dijei akiweka upuzi atamuona akitoka. Sisi Pwani jambo hili hatuhitaji kufundishwa, twasema mcheza kwao hutunzwa. Nendeni kwa harusi yoyote yenye taarab mukaone, mama akiguswa na ubeti anyanyuka kitini, ajishebedua mpaka mbele, amtunza mwimbaji noti yake, na kuna siku amtunza huku macho yako kwa mtu fulani kiti cha tatu, ukumbi mzima ushajua nani anaambiwa. Hiyo ni biashara na hakuna aliyewahi kuniambia imeua taarab, kwa sababu yule anayetoa noti ndiye anayejua neno limemkata nani.

Na kama mwataka mfano mkubwa zaidi ya harusi, Muyaka bin Haji, mtu wa Mvita hii hii, alikuwa upande wa Wamazrui waliotawala kutoka Ngomeni, akawatungia, akajibizana na washairi wa Lamu kwa matusi ya adabu ambayo ukiyasoma leo wajua mtu alikuwa amepigwa. Wasomi husema ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Mtu ana mlezi ana maslahi na mistari bado yauma! Lakini angalia, mlezi alikuwa aelewa kila neno, na adui naye alikuwa aelewa kila neno.

Hapo ndipo nataka kuwapeleka hotelini. Bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Kwale, na utotoni nshaona ngoma ya sengenya ikipigwa nyumbani kwao usiku mzima, watu wakitajana kwa mafumbo, nani kamwacha nani, mzee gani kala ng'ombe wa mahari peke yake, mpaka mwengine aondoka kwa hasira. Baadaye binamu zangu wakapata kazi ya kucheza kwenye hoteli moja ya ufuoni, dakika 20 kabla ya chakula cha jioni. Ngoma zilezile, marinda yaleyale, na ntakuwa muongo nikisema walicheza vibaya, mabega yalikuwa yatetemeka kuliko nyumbani. Ila maneno yaliisha. Nlimuuliza binamu mbona mwarudia mstari mmoja kama kanda iliyokwama akanambia wale wageni hawasikii, ukiimba la maana ama ukiimba "ndizi ndizi" ni makofi yaleyale. Hakulazimishwa na mtu. Hakuna meneja aliyemwambia toa maneno. Yalidondoka yenyewe kwa sababu hakukuwa na wa kuyapokea.

Kwangu mimi hiyo ndo historia ya hip hop na biashara, iliyobaki ni tarehe.

Tarehe ya kwanza ni 1979. Sylvia Robinson wa Sugar Hill Records kule New Jersey akakusanya vijana watatu akawaita Sugarhill Gang wakatoa Rapper's Delight. Mmoja wao, Big Bank Hank, mistari aliyoghani ilikuwa ya Grandmaster Caz wa Bronx, tena aliichukua nzima nzima mpaka akajitaja kwa jina la Casanova, jina la Caz! Kule Bronx kwenye pati ungefanya hivo ungezomewa kabla hujafika mstari wa pili manake watu wote wamjua mwenye mistari. Kwenye sahani ya santuri nani ajua? Mnunuzi yuko mji mwengine. Na pia kuna kitu chengine kilipotea hapo kimyakimya, dijei. Hip hop ilikuwa ni yake, emsii alikuwa mpiga debe tu wa kumsifu, lakini wimbo ule ulipigwa na bendi studioni, dijei hayupo, na tangu siku hiyo akaanza kurudi nyuma ya jukwaa mpaka leo mwamuona amesimama na laptopu kama mtu asubiri basi.

Lakini nisije nkajifanya naijua sana hasira yangu, kwa sababu 1982 Sylvia Robinson huyohuyo ndiye aliyewasukuma kundi la Grandmaster Flash kutoa The Message, ule wimbo wa maisha magumu ya mtaani, na wenyewe hawakuutaka! Wao walitaka nyimbo za pati. Mwishowe ukaghaniwa na Melle Mel wa kundi hilo na Duke Bootee wa studioni, ingawa jina la Flash ndilo liko juu ya jalada. Kwa hivo wale mnaosema wafanyabiashara ndo waliouondoa ujumbe, hapo kaeni kitako mufikirie. Mfanyabiashara hana shida na ujumbe ukiuza.

1991 ndo mwaka nnaouona mzito kuliko yote na siusikii ukitajwa sana. Mambo mawili. Jarida la Billboard likaacha kupigia maduka simu kuuliza kipi chauzwa likaanza kuhesabu kwa mashine za kaunta, na mwezi wa sita N.W.A., kundi la rap la Compton kule California, wakajikuta namba moja Marekani nzima. Kumbe wanunuzi wako mpaka mitaa ya Wazungu nje ya miji, mbali kabisa na Compton. Watoto wale walikuwa wanunua dirisha la kuchungulia mtaa wasioweza kuingia, na mwenye kuuza dirisha ajua mteja ataka kuona nini, hataki kuona mtu apeleka mwanawe shule, ataka bunduki. Binamu zangu tena hao, mgeni ataka mabega.

La pili, Desemba mwaka huohuo mahakama ya New York ikamkuta rapa Biz Markie na makosa kwa kuchukua sampo, yaani kipande cha wimbo, ya mwimbaji Gilbert O'Sullivan bila ruhusa. Tangu hapo kila kipande cha wimbo wa mtu lazima kilipiwe. Haki? Ndiyo, mimi nasema haki, mtu alipwe jasho lake. Lakini yale mabiti ya kina Public Enemy, vipande juu ya vipande kama kanga zilizoshonwa pamoja, hayakuwezekana tena isipokuwa uwe na pesa za kumlipa kila mtu. Albamu ya kwanza ya kundi la De La Soul ya 1989 haikufika kwenye huduma za kusikiliza mtandaoni mpaka Machi 2023 kwa sababu ya mambo hayo ya sampo na mivutano na lebo, yaani kampuni ya kurekodi, na Trugoy, mmoja wao watatu, alikuwa amefariki Februari. Wiki chache tu! Hilo hunisikitisha kuliko mambo ya nani amevaa cheni gani.

Haya, turudi nyumbani, manake ni rahisi kunyooshea vidole watu wa mbali. Miaka ya 90 mwishoni nlikuwa nakaa kwenye duka la kurekodi kanda, Mwembe Tayari hapa Mombasa, deki mbili, feni moja, na penseli ya kuzungushia kanda zilizolegea. Mteja aleta orodha kwa karatasi ya daftari, wamjazia dakika 90, shilingi mia. Kanda asili zilikuwa zaletwa na watu wa meli ama jamaa waliokuwa na ndugu Ulaya. Sisi ndo tuliowasambazia vijana wa Majengo mpaka Kisauni wale marapa tunaowaita leo "wa ukweli", na hakuna hata mmoja wao aliyeona ndururu kutoka kwetu. Kwa hivo nikisikia mtu wa rika langu akilia pesa imeharibu sanaa huwa natabasamu tu. Bro, wewe hukuwahi kulipa. Ulikuwa msafi kwa gharama ya mwengine.

Na hata hivo kipindi hicho ndicho kilichozaa makundi ya kina Kalamashaka kule Dandora, Nairobi, na Ukoo Flani wetu huku Mombasa, wakaja wakaungana wakawa Ukoo Flani Mau Mau. Kiswahili cha kukata, hakuna aliyekuwa akiwaza soko kwa sababu soko halikuwepo. Alafu 2002 wimbo wa Gidi Gidi Maji Maji, Unbwogable, ukachukuliwa na kampeni ya NARC, ule muungano wa upinzani, na wanasiasa wa nchi hii wakajifunza kwamba rapa anajaza uwanja. Hawajasahau mpaka leo.

Ila mlipaji mkubwa wa hip hop ya Mombasa, mimi nasema wazi, si lebo wala si mwanasiasa, ni mradi wa mashirika. Wenzangu mulioko huku mwajua. Wimbo wa amani, wimbo wa ukimwi, wimbo wa dawa za kulevya, wimbo wa vijana wasijiunge na makundi. Mambo ya maana yote, nami nawafahamu watu waliookoka kwa sababu ya kazi hizo. Lakini rapa akishaandika nyimbo nne kwa karatasi ya mradi, ule wa tano wa kwake mwenyewe nao watoka na sauti ya mradi, "vijana tuungane tujenge jamii". Nani kasema hivo kwa kinywa chake mtaani? Hakuna.

Ntawapa kisa kimoja alafu niwaache. Rafiki yangu wa Bombolulu, rapa mzuri sana, miaka kama kumi iliyopita alipata shoo ya lori, zile za kampuni kuuza bidhaa, pale Kongowea karibu na soko. Kampuni siitaji. Alikuwa na wimbo wenye beti tatu na ule wa tatu ulikuwa wa mashamba, familia imekaa miaka 60 juu ya ardhi, minazi wamepanda wenyewe, alafu yaja hati ya mtu ambaye hajawahi kuonekana. Dada wa kampuni, mpole kabisa, ametuletea soda, akaja na karatasi akasema ubeti wa tatu utoke, mahali pake ataje jina la bidhaa mara nne. Elfu kumi na tano. Akakubali, na mimi nliyekuwa nmebeba begi lake nikamwambia kubali, kodi ya nyumba ilikuwa na miezi miwili. Basi kapanda, beti mbili watu wamepagawa, biti yafika pale pa ubeti wa tatu, ataja bidhaa. Vijana wawili waliokuwa wamekaa juu ya mkokoteni wa vitunguu wakaendeleza wao ule ubeti wenyewe, mistari kama minne hivi, kwa sauti kubwa. Mtu wa lori akawarushia tisheti. Wakagombania tisheti, ubeti ukaishia hapo.

Simlaumu rafiki yangu hata kidogo na nikirudishwa siku ile ntamwambia tena kubali. Mkono mtupu haulambwi. Lakini lile swali lenu, kila nikilisoma naona ule mkokoteni.

Siku hizi mlipaji hata lori hana. Spotify yahesabu wimbo umesikilizwa ukipita sekunde 30, kwa hivo korasi yaja mbele, utangulizi hakuna, na nyimbo zazidi kuwa fupi. Mpwa wangu ana miaka 17, arekodi chumbani na simu, godoro kaliegemeza dirishani kuzuia kelele za bodaboda, na wallahi sauti yatoka safi kuliko studio tulizokuwa tukilipa sisi kwa saa. Wiki iliyopita kanisikilizisha wimbo wake, dakika moja na sekunde hamsini. Nikamuuliza, ubeti wa pili uko wapi? "Mjomba, hakuna mtu afika huko."

Nikamwambia lakini uliuandika? Kumbe anao, kwenye simu, kauandika wote, mistari kumi na sita. Nikamwambia haya nighanie mimi nmefika. Akaona haya kidogo, akazima feni, akaanza. Ulikuwa wanisema mimi, mzee mmoja wa kanda za wizi anayelia hip hop imekufa na deni la dukani hajalipa. Mamake jikoni alicheka mpaka akaachia mwiko.