Kinyonga Mchanga Hapimwi kwa Tumbo: Kwa Mnaoanza Kazi Hii Nyanda za Juu

Julai moja hapa Mbeya, kijana aliyekuwa na wiki mbili tu kazini, hapa tunapotunza vinyonga, aliniita kizimbani. "Dada, njoo umwone huyu. Amenona! Tumbo hilo!"

Nikaenda. Tumbo lilikuwa limejaa kweli. Ila macho yalikuwa yamezama, na pale kwenye panja, nyuma kidogo ya jicho, palikuwa na kibonde ambacho punje ya mchele ingelala bila kuanguka. Tukampima: gramu 5.1. Jumatatu iliyotangulia daftari lilisema 5.9. Yule aliyenona alikuwa anakwisha.

Nikamuuliza anawalisha saa ngapi. "Saa kumi na moja jioni, dada, kabla sijaondoka, ili walale wameshiba." Alifanya kwa roho safi, kama unavyomhurumia mtoto asilale njaa. Na maji? Alikuwa hapulizii, kwa sababu asubuhi ukungu unatosha. Hayo makosa mawili ndiyo yanayoua vinyonga wachanga huku kwetu kuliko ugonjwa wowote niliowahi kukutana nao, kwa hiyo nitayakalia kidogo.

Kabla ya hapo, jambo moja la haraka. Kinyonga ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haimruhusu mtu kumwokota kichakani na kumfuga bila kibali. Karibu kinyonga wote pia wamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini. Kama hapo unapoanzia hawana karatasi zao sawasawa, tafuta kazi nyingine, nasema kwa upendo.

Sasa turudi kwenye baridi. Kinyonga hana joto lake mwenyewe, analipata kwa jua. Chakula kikiingia tumboni na mwili ukapoa, mmeng'enyo unasimama. Nyenje aliyeliwa saa kumi na moja jioni ya Julai analala ndani humo usiku kucha bila kusagika, na kesho yake anaweza kuanza kuoza. Kwa nje unaona tumbo, unasema kashiba. Kwa ndani hakuna kinachokwenda mwilini.

Wanaoanza hudanganywa na ulimi. Ulimi wa kinyonga hurushwa kama manati: unavutwa, unakazwa, halafu unaachiwa. Manati haijali sana baridi, ndiyo maana hata saa moja asubuhi, wakati wewe mwenyewe umejikunyata ndani ya koti, unaweza kumwona kinyonga akidungua nyenje vizuri. Utadhani yuko tayari kula. Angalia ulimi unavyorudi: kwa baridi unarudi polepole, kwa sababu kuurudisha ni kazi ya msuli, na msuli uliopoa ni mzito. Tumbo nalo liko hivyo hivyo.

Kwa hiyo utaratibu wetu wa msimu wa baridi ni huu. Jua likitoka, waote kwanza. Subiri mpaka rangi ibadilike, maana asubuhi huwa wameiva weusi upande unaoelekea jua ili wavute joto, na wakishapata la kutosha wanarudi kwenye kijani chao. Hapo, mara nyingi kwenye saa tatu au saa nne, lisha mlo wa kwanza. Mlo wa pili usivuke saa nane mchana. Siku ya mawingu mazito punguza. Siku ya mvua ya kutwa, kama zile za Tukuyu, afadhali umpe maji tu.

Lakini usije ukamkaanga. Kizimba lazima kiwe na upande wenye majani na kivuli. Kinyonga wa pembe tatu wa Milima ya Uporoto, ambaye huzaa watoto hai badala ya kutaga, ni mtu wa ubaridi na ukungu. Jua la saa sita bila kivuli linammaliza upesi. Yule wa kawaida mwenye vipande vya ngozi kama masikio nyuma ya kichwa, anayetaga mayai, anavumilia joto zaidi. Usiwachanganye, na wala usiwaweke wawili waonane. Kinyonga anayemwona mwenzake siku nzima hukasirika, hujaa rangi nzito, kisha anasusa chakula, na wewe unaanza kutafuta minyoo ambayo haipo.

Kiasi gani? Kwa mchanga, kila siku. Tunampa wadudu kumi hivi, wakati mwingine zaidi, mmoja mmoja, na tunaacha pale anapopoteza hamu. Ukubwa wa mdudu usizidi nafasi iliyo kati ya macho yake mawili. Hii kanuni usiivunje hata kama anaonekana kuweza, maana kinyonga hajui kukataa kitu kikubwa, atajaribu tu. Akikua unaanza kuruka siku moja moja. Mkubwa kumlisha kila siku ni kumnenepesha bure.

Wadudu wenyewe: wachanga kabisa tunawaanzishia inzi wadogo wa ndizi. Huku ndizi si tatizo. Acha mbili ziive kupita kiasi kwenye kopo, funika kwa kitambaa chenye matundu, baada ya siku chache una mifugo. Kisha nyenje wadogo. Nyenje tunawazalisha kwenye ndoo yenye trei za mayai, na siku moja kabla ya kuwatoa tunawalisha vizuri: karoti, majani ya maboga, pumba kidogo. Anachokula nyenje ndicho anachokula kinyonga. Nyenje mwenye njaa ni ganda tupu. Wanaobaki bila kuliwa watoe kizimbani jioni, kwa sababu nyenje akikosa chakula usiku humng'ata kinyonga aliyelala.

Mkienda porini kukamata panzi, sawa, ila yule panzi mwenye rangi nyingi, mwendo wa kivivu, anayekaa makundi kwenye mihogo bila kumwogopa mtu, mwacheni. Haogopi kwa sababu ana sumu. Kimulimuli vilevile, hata mmoja asiingie kizimbani. Na msikusanye wadudu kwenye mashamba ya viazi yaliyopuliziwa dawa, na huku Uporoto viazi vinapuliziwa haswa.

Kuhusu kalsiamu nina aibu yangu ya kusimulia. Wadudu karibu wote wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, kwa hiyo lazima uwapake unga wa kalsiamu kabla ya kuwatoa, la sivyo mifupa ya kinyonga inakuwa laini. Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda duka la pembejeo Mwanjelwa nikanunua DCP, ule unga wa madini wa kuku, nikajiona mjanja. Miezi miwili baadaye kuna mmoja akawa anatembea kwa viwiko, miguu ya mbele imepinda kama mabano, na taya ukiligusa linabonyea. DCP ina fosforasi ndani yake. Nilikuwa namwongezea kile alichokuwa nacho kingi tayari. Tangu siku hiyo natumia unga wa chokaa ya mifugo usio na fosforasi, au maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa mpaka yawe kama poda. Mnaweka kidogo kwenye kopo na nyenje, mnatikisa, wanatoka weupe kama waliotoka mashine ya unga.

Hata hivyo kalsiamu bila jua ni kazi bure, na jua la dirishani si jua: kioo kinazuia ile miale inayotengeneza vitamini D. Kizimba cha wavu, nje. Basi.

Maji. Kinyonga hanywi kwenye kisahani, hayaoni hata yale maji. Anaona tone linalometa kwenye jani. Pulizieni majani taratibu, dakika mbili au tatu, mpaka matone yaning'inie, na msiondoke mara moja kwa sababu wengine huanza kunywa baada ya kufikiri sana. Ukungu haujazi matone ya kutosha, na miezi ya Juni hadi Agosti hewa yetu ni kavu ingawa ni baridi. Kama una shaka, angalia kinyesi. Kina sehemu nyeusi na sehemu nyeupe. Ile nyeupe ikiwa nyeupe, sawa. Ikiwa ya manjano au rangi ya chungwa, anahitaji maji kabla ya kitu kingine chochote.

Mizani. Ya jikoni haitoshi, inaruka gramu nzima nzima, na kwa mnyama wa gramu sita gramu moja ni kama kilo kumi kwako. Sisi tunatumia mizani ndogo ya dijitali, ile wanayopimia dhahabu kule Chunya. Weka kijiti chenye kishikio juu yake, bonyeza isome sifuri, kisha mwache kinyonga apande mwenyewe kutoka mkononi. Usimkamate kwa kumbana mgongoni. Subiri atulie; atayumba mbele na nyuma kama jani, na namba zitayumba naye. Andika ile inayojirudia.

Pimeni Jumatatu asubuhi, kabla ya maji na kabla ya chakula. Saa ni ile ile kila wiki, kwa sababu kinyonga aliyetoka kunywa na aliyetoka kunya ni kama wanyama wawili tofauti. Namba moja peke yake haikwambii kitu. Watu hunipigia simu: "Wangu ana gramu nane, ni sawa?" Siwezi kujua. Nane kutoka saba ni habari njema, nane kutoka tisa na nusu ni habari mbaya. Mchanga anatakiwa apande, hata kidogo kidogo. Akisimama wiki mbili, chunguza joto na maji. Akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake, usingoje Jumatatu ijayo, mwite daktari wa mifugo.

Baada ya namba, mtazame. Panja zikibonyea, amekonda au amekauka. Zikivimba mviringo, anazidishiwa. Kisha nyonga (ndiyo, kinyonga na nyonga yake, tucheke tuendelee): mifupa ya pale mkia unapoanzia isichomoze kama vijiti ndani ya mfuko. Mbavu ziacheni, akivuta pumzi na kujibana bapa ili akutishe, hata mnene huonyesha mbavu. Na akifumba macho mchana wakati kuna joto, huyo ni mgonjwa, mizani iseme isemavyo.

Yule wa gramu 5.1 tulimwotesha jua siku tatu bila chakula, maji mara tatu kwa siku. Siku ya pili alikunya kinyesi kirefu chenye miguu ya nyenje mizima kabisa, kama alivyoimeza. Siku ya nne akala inzi sita. Jumatatu mizani ilisoma 5.0, yule kijana akanitazama kama mtu aliyefiwa. Nikamwonyesha panja: kile kibonde kilikuwa kimepungua. Tumbo lilikuwa limetoa ile takataka, ndiyo maana namba ilishuka. Jumatatu iliyofuata, 5.6, na safari hii aliandika yeye mwenyewe daftarini, akapigia mstari mara mbili.