Vijana Wametoka Darasani, Picha Bado Zina Mistari

SWALI: Nina studio ndogo Kondele, hapa Kisumu. Tunarekodi harusi, matanga na shughuli za makanisa. Niliwalipia vijana wangu wawili mafunzo ya video ya wiki mbili. Wamerudi na madaftari yamejaa, kutwa kucha ni fremu na shata. Juzi kwenye harusi, picha za ukumbini zikatoka na mistari myeusi inayopanda na kushuka, na nje hotuba ya babake bibi harusi ikamezwa na upepo. Niwarudishe darasani au niwafute? — Mama Studio

JIBU: Mama, usimfute mtu, na hiyo karo ya pili kaa nayo.

Mistari ile naijua. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mawimbi 50 kila sekunde, na kila wimbi huing'arisha taa mara mbili, kwa hiyo tyubu za ukumbini hufifia na kung'aa mara 100 kila sekunde, jicho halioni ila kamera inaona. Kamera iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani, ambako umeme ni hezi 60, hupiga fremu 30 (yaani picha 30 kila sekunde) kwa shata ya 1/60 (muda ambao kila picha hupokea mwanga, sehemu moja ya 60 ya sekunde), na hapo haipatani na taa zetu. Yenu ilitoka wapi? Nyingi huku huletwa na shemeji aliye ng'ambo. Dawa ni fremu 25 na shata 1/50. (Taa za LED za mapambo zina ukaidi wake, hizo jaribuni kabla wageni hawajaingia.)

Lakini usiwaambie hayo. Nina hakika wameyaandika daftarini. Waweke chini ya tyubu ya duka lako jioni moja, wazungushe shata wenyewe mpaka mistari ipotee, nawe unywe chai yako. Atakayeiona ikipotea mkononi mwake hataisahau ukumbini.

Nilikuwa na kijana mmoja hodari wa mtihani. Nikampeleka Dunga, ufukoni hapa Kisumu, kwa akina mama wa samaki na kazi moja tu: picha tano, kamera kwenye stendi, kila picha sekunde 10 bila kuigusa. Picha ya kwanza tu, akaanza kuipeleka kamera huku na huko kama anayemwagilia sukumawiki. Mikono yangu iliwasha, Mama. Niliitia mfukoni. Ukimnyang'anya fundi kamera umejifundisha wewe, na mabosi wengi wa studio wanakosea hapo hapo.

Tulipomaliza tukaketi kibandani, tukatazama zote kwenye kioo kidogo cha kamera. Nikamwambia aanze yeye kusema. Akanyamaza, akarudisha nyuma, kisha akasema, "Hii jicho halina pa kutua." Mimi ningesema maneno mia na nisifike hapo. Kesho yake tukarudi kwa mama yule yule na mafuta yale yale yanayochemka, na stendi haikutikisika.

Kuhusu upepo: alasiri unatoka ziwani, kila mwenye kazi nje Kisumu anaujua. Maiki ivae manyoya yake ya kuzuia upepo, na msemaji aupe upepo mgongo. Zaidi ya yote, hedifoni masikioni tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka wangu wa kwanza nilirekodi matanga Siaya, mjane akazungumza dakika 20, watu wakalia. Nilipofika nyumbani nikakuta kimya kitupu, swichi ya maiki ilikuwa imezimwa. Wenyewe walinisamehe. Mimi bado.

Kwa hiyo shughuli ijayo mpe mmoja kamera kuu, wa pili sauti peke yake, asiguse kingine. Wewe simama nyuma yao, na usiku huo huo, kabla hamjalala, mtazame dakika 10 za kwanza pamoja. Wao waseme kwanza.