Kabla hujakamata moshi, uliza hewa ukaa ni ngapi kwa mia

Sisi wa Goma hewa ukaa tunaijua kwa jina la mazuku. Ni nzito, inatuama kwenye mashimo ya mawe ya volkano kama maji, na mbuzi akiingia hatoki. Utotoni niliona mzee akishusha mshumaa kwa kamba ndani ya shimo moja kule karibu na ziwa dogo la Lac Vert: ulizimika papo hapo, na hapakuwa na upepo. Ndiyo maana nilipofika mwaka wa mwisho niliandika TFC, yaani kazi ya kumaliza masomo, juu ya kuinasa hewa hiyo kutoka kwenye moshi wa jenereta, kwa njia ya haidreti.

Wadogo zangu mnaotaka mada hiyo, ni mada nzuri. Maji yakipozwa na kubanwa na hewa, molekuli zake hujipanga kama vizimba na kuifungia hewa ndani; hiyo ndiyo haidreti, na kwa macho ni kama barafu. Ukipasha moto, vizimba vinavunjika, hewa inatoka, na maji yanatumika tena.

Mimi nilikosea mwanzoni kabisa. Nilisoma kwamba hewa ukaa safi, karibu na nyuzi 0, hutengeneza haidreti kwenye shinikizo la baa 12 au 13 (baa moja ni karibu sawa na shinikizo la hewa ya kawaida), nikachora mtungi wa baa 15. Mwalimu wangu aliuliza swali moja tu: "Katika moshi wako, hewa ukaa ni ngapi kwa mia?" Sikuwa na jibu. Moshi wa mtambo wa makaa ya mawe unabeba kama 12 hadi 15. Wa jenereta ya mazutu (dizeli) mara nyingi ni chini ya hapo. Sehemu kubwa inayobaki ni naitrojeni, ambayo peke yake inadai kama baa 160. Mchanganyiko huo unahitaji makumi ya baa, na mazutu yako yanaishia kubana naitrojeni ambayo huna kazi nayo. Miezi minne ikaenda bure. Anzeni na moshi tajiri: wa tanuri la saruji hufika 14 hadi 33 kwa mia.

Kisha tafuteni chumvi inayoitwa TBAB. Niliweka chupa mbili kwenye friji, nyuzi 7, moja ya maji matupu na nyingine yenye TBAB asilimia 40. Asubuhi ya maji ilikuwa inatingishika kama kawaida. Ya pili ilikuwa imeganda nyeupe, bila shinikizo lolote. Vizimba vyake vidogo vinabaki wazi, na humo ndimo hewa ukaa inaingia kwa baa chache zaidi. Ila korogeni: maji yakitulia, utando wa fuwele unaziba juu na kazi inasimama.

Wengi wananiuliza kama haidreti inaweza kuwepo ndani ya Ziwa Kivu. Chini kabisa, mita 485, shinikizo ni kama baa 48, na lingetosha. Lakini maji ya huko yana nyuzi kama 26, na haidreti ya hewa ukaa haivumilii zaidi ya 10 hivi. Hewa ya ziwani imeyeyuka tu ndani ya maji.

Siku ya kuyeyusha fuwele zenu, fanyieni kazi nje, kwenye upepo, wala msichuchumae kutazama chini ya meza. Hewa inayotoka hapo ni mazuku yaleyale.