STI ya Nakuru Haitaki Programu ya Tokyo

Subaru Impreza WRX STI nyingi zinazozunguka Nakuru, Eldoret na Kisumu zilitoka Japani zikiwa zimetumika, na kompyuta ya injini bado inaamini iko kule kule: petroli ya okteni karibu 100 na hewa nzito ya karibu na bahari. Anayetaka kuiongezea nguvu asianze kwa kutafuta faili (programu ya kuandikwa kwenye kompyuta hiyo) kwenye intaneti. Aanze na hewa ya mahali anapoishi na petroli anayonunua. Faili iliyopangwa kwa gari la Uingereza, ikiwekwa kwenye gari linalotumia petroli yetu ya kawaida, inaweza kupasua pistoni hata kabla hujaizoea.

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni kama bar 0.81. Kisumu, mita 1,130 hivi, ni kama bar 0.88. Turbo ikiongeza bar 1 kwa kipimo cha geji, pwani inakuwa imekandamiza hewa mara 2. Nakuru ni mara 2.2, na Mau Summit, iliyo juu zaidi, inapita 2.3. Geji inasoma vilevile kote, lakini turbo ya Mau Summit inazunguka kwa kasi zaidi na kutoa hewa moto zaidi, na hewa moto ndiyo mama wa injini kugonga, yaani petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda. Kwa sababu hiyo kompyuta ya Subaru ina jedwali linalopunguza shinikizo la turbo hewa inapokuwa nyepesi. Wapo wanaolifuta ili geji ipendeze. Usikubali.

Hatari ya pili iko upande wa kushuka. Fundi akipandisha asilimia za westigeti (mlango unaodhibiti shinikizo la turbo) kwa hewa ya Nakuru, kisha gari likateremka Kericho mpaka Ahero, hewa nzito inasukuma shinikizo juu ya lile alilolipanga, na joto la mchana la kando ya ziwa linaongeza lake. Gari linalosafiri lipimwe juu na chini.

Kuna jambo jingine ambalo programu za kununua hazilijui kabisa: malori. Ukipanda kutoka Salgaa nyuma ya trela kwa kilomita 20 kwa saa, intakula (kipoza hewa ya turbo) iliyokaa juu ya injini inakosa upepo na kugeuka jiko. Nafasi ya kupita inapatikana, unakanyaga mafuta mpaka mwisho, na silinda zinavuta hewa ya moto mkali. Hapo ndipo injini inapogonga, hata ile iliyofanya vizuri asubuhi mjini. Kwa gari la njia hii tunarudisha taimingi (wakati wa plagi kuwasha) nyuma digrii 2 kwenye sehemu za mzigo mkubwa, kuanzia pale turbo inapojaa, na tunahakikisha jedwali linalopunguza taimingi kufuatana na joto la hewa halijaguswa.

Kabla ya kufungua laptopu, pima injini. Kompresheni (shinikizo linalojengwa ndani ya silinda) ya silinda zote nne isitofautiane zaidi ya asilimia 10. Usitishwe na namba ndogo: injini ambayo pwani ingesoma 150 PSI huweza kusoma karibu 120 hapa kwetu, kwa sababu ya hewa ile ile. Kinachotisha ni silinda moja kuachwa na wenzake. Jaza mabomba ya turbo hewa ya kompresa, bar 1 inatosha, na upake maji ya sabuni kwenye kila kibano. Povu likitokea, kaza au badilisha bomba. Plagi ziwe mpya, mwanya wa milimita 0.7. Filta ya petroli ibadilishwe, na oili iwe karibu na alama ya juu. Sensa ya hewa isafishwe kwa dawa yake maalum, wala isiguswe kwa kitambaa. Kama ekzosi ilishapanuliwa au katalaiza kutolewa, mwambie fundi mapema: moshi ukitoka kwa urahisi, turbo hupanda kupita kipimo na kompyuta hukata petroli ghafla.

Kwa kazi yenyewe, waya wa Tactrix OpenPort 2.0 na programu mbili za bure, EcuFlash na RomRaider, zinatosha modeli nyingi. Waya wa kopi (bandia) huweza kukata mawasiliano katikati ya kuandika, na kompyuta ya injini iliyoandikwa nusu haiwashi gari. Kwenye modeli nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 lazima uunganishe viunganishi viwili vya kijani chini ya dashibodi. Ukiviunganisha na kuwasha swichi, taa ya injini inamemeta, pampu ya petroli inalia tik-tik, na feni za rejeta zinazunguka na kuzima, zinazunguka na kuzima. Ni kawaida, lakini zinakula betri. Weka chaja, zima redio na taa, na betri yenyewe iwe nzima, maana stima ikipotea katikati ndiyo itakayobeba kazi. Laptopu iwe na chaji kamili, isilale, isijisasishe.

Soma faili iliyomo kwanza na uihifadhi mahali pawili. Magari mengi yalishachezewa Japani, basi linganisha namba ya faili na majedwali yake na ya kiwandani kabla ya kuiita ya asili. Kisha badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja: petroli, halafu taimingi, turbo mwisho.

Kupima kwa mzigo kamili kufanyike kwenye dino (mashine ya kupimia nguvu ya gari) au uwanja uliofungwa. Gia ya tatu mpaka mzunguko wa 6,500 inapita kilomita 110 kwa saa, na barabara ya Nakuru–Eldoret ina watoto na bodaboda. Mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye mzigo kamili uwe kati ya 11.0 na 11.5 (sehemu za hewa kwa moja ya petroli), ukipimwa kwa sensa ya waidibendi, inayosoma moshi wa ekzosi kwa usahihi, si ile ya kiwandani. Injekta zisikae wazi zaidi ya asilimia 85 ya muda. Kompyuta ikiondoa digrii 1 ya taimingi hapa na pale, vumilia. Ikiondoa 3 mahali pale pale kila mara, simama, punguza turbo au taimingi. Na angalia namba ya IAM, inayoonyesha kompyuta inaruhusu taimingi kiasi gani: inatakiwa kuwa 1, au 16 kwenye kompyuta za zamani. Ikishuka, injini inakwambia petroli haitoshi.

Usitarajie miujiza. STI nyingi za Japani zilitangazwa kuwa na nguvufarasi 280 kwa petroli ya kule. Kwa yetu, faida ya kweli iko katikati, mzunguko wa 3,000 hadi 5,000, pale unapopita trela. Klachi iliyochakaa itateleza wiki ya kwanza.

Rudia kurekodi vipimo hivi baada ya kilomita 500, na tena ukifika Kisumu mchana. Waarifu watu wa bima, kwa sababu badiliko lililofichwa linaweza kukunyima fidia. Ukiuza gari, mpe mnunuzi faili ya asili na umwambie wazi ni petroli gani programu hii imepangiwa.