Ishike Kwanza Ncha ya 3′, Majina Yatafuata

Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita ninaowafundisha biolojia huja wakiwa wamekwisha kukariri majina ya vimeng'enya vinavyonakili DNA, yaani helikesi, praimesi, polimerasi na ligesi, lakini ukiwauliza kwa nini uzi mmoja wa DNA hunakiliwa mfululizo na mwenzake vipande vipande, hunyamaza. Ushauri wangu ni kuyaweka majina kando na kushika sheria moja: polimerasi, ambayo ndiyo hujenga uzi mpya, huongeza nyukliotidi (vijenzi vya DNA) kwenye ncha ya 3′ ya uzi unaojengwa, wala haiongezi kwenye ncha ya 5′ (namba hizi ni majina ya ncha mbili za kila uzi).

Chora nyuzi mbili sambamba, na kabla ya kuchora kingine chochote andika 5′ na 3′ kwenye ncha zote, kwa kuwa nyuzi hizo huelekea pande zilizo kinyume. Zitenganishe upande mmoja, kazi ambayo ndani ya seli hufanywa na helikesi, kisha jenga uzi mpya juu ya kila mmoja kwa kuifuata sheria ile. Utaona mwenyewe kwamba uzi mpya mmoja unakua kuelekea kwenye panda, mahali nyuzi zinapoachana, hivyo hauna sababu ya kukatizwa. Mwingine unaipa panda mgongo, na kila sehemu mpya inapofunguka hapana budi kuanza kipande kingine karibu na panda, kikue hadi kikutane na kilichotangulia.

Hivyo ndivyo vipande vya Okazaki, vilivyogunduliwa miaka ya 1960 huko Nagoya, Japani, na Reiji na Tsuneko Okazaki, mume na mke. Katika bakteria huwa na nyukliotidi 1,000 hadi 2,000. Katika seli zetu, 100 hadi 200 hivi. Kwa kuwa polimerasi haiwezi kuanza patupu, praimesi hutangulia kuweka kianzio kifupi cha RNA, ambacho baadaye huondolewa na nafasi yake kujazwa DNA, ndipo ligesi inapounga.

Ukimaliza, chora kiputo, yaani DNA iliyofunguka katikati, chenye panda mbili zinazokimbiana (vitabu vingi huishia kwenye panda moja, jambo ambalo mimi silipendi). Uzi uleule wa zamani utaukuta unanakiliwa mfululizo upande mmoja wa kiputo na vipande vipande upande wa pili, kwa hiyo mtihani ukikutaka utaje uzi wa mfululizo, tazama kwanza umeonyeshwa panda ipi.