Gari ikitoka lami usiirudishe kwa pupa

Gari ikipinduka swali la kwanza la watu ni "ilikuwa spidi ngapi?" Sawa, spidi ipo, ila mimi kazi yangu ni kuendesha njia ya Dar–Mbeya na nilichokiona huko ni kwamba gari nyingi zinapinduka pale zinaposerereka kiubavu halafu tairi ikashikwa na kitu, iwe udongo laini, mtaro au ukingo wa lami. Chini imeshikwa, juu bado inakwenda, basi inalala.

Kuna siku karibu na Ruaha Mbuyuni, kule kwa wauza vitunguu, nilikuta Noah imelala chali vumbi bado halijatulia. Dereva alikuwa anaongea vizuri tu, akasema lori lilimjia upande wake likiovateki, akashusha tairi za kushoto nje ya lami, na hapo alifanya la maana kabisa maana angegongana uso kwa uso. Shida ilikuja kwenye kurudi. Ukingo wa lami pale umeliwa, kutoka chini mpaka juu ni kama kiganja kizima, akakata usukani kulia kwa nguvu, tairi ikagoma kupanda, ilipopanda ikaruka nayo mpaka upande wa pili, akakata tena kushoto ndio ikala mweleka. Kwenye lami palikuwa na mchoro mweupe rimu ilipochimba, ukiufuata unaona kabisa gari ilipoanza kubiringika.

Kwahiyo tairi zikitoka nje, shika usukani mikono yote miwili, toa mguu kwenye mafuta, usikanyage breki ya ghafla, iache gari itembee sambamba na lami mpaka mwendo upungue kabisa ndio urudi taratibu. Ukiona mbele kuna kichaka tu, ingia kichakani, ni salama kuliko kukata usukani. Tairi ikipasuka ni hivyohivyo. Na pale Mikumi wanyama wanapokatiza, tembea mwendo ambao kibao kinasema ili swala akitokea ufunge breki ukiwa umenyooka, usianze kumkwepa.

Halafu mizigo jamani. Noah na Hiace ni nyembamba na ndefu kwenda juu, ukijaza watu halafu ukapakia magunia kwenye keria uzito wote unapanda juu. Wamarekani kupitia mamlaka yao ya usalama barabarani, NHTSA, walitoa onyo mwaka 2001 kuhusu zile vani zao za watu 15, kwamba zikibeba watu 10 na kuendelea zinapinduka karibu mara 3 zaidi ya zikiwa na watu wachache. Sasa sisi huku tunabananisha watu na keria juu! Kitu kizito kiwekwe chini, ndani. Na tairi za mtumba ziangalie tarehe, ubavuni kuna namba 4, mfano 2314 maana yake wiki ya 23 mwaka 2014, hiyo hata kashata zake (yale meno ya tairi) zikiwa nzima usiifunge kwa safari ndefu.

Mkanda ndio naomba mnisikilize sana. Kwenye ile Noah mama aliyekaa mbele alikuwa amefunga, akatoka na michubuko ya bega. Kijana wa siti ya nyuma hakufunga, alirushwa dirishani na gari ikamlalia mguu. Gari ikibiringika asiyefunga anapigwa huku na huku na kuwaumiza wenzake pia, vichwa vinapasuka, shingo zinavunjika, na aliyetoa mkono dirishani anaweza kuupoteza. Ukijikuta unaning'inia kichwa chini usifungue mkanda hivihivi, utaangukia shingo. Weka mkono mmoja kwenye paa, jikaze, ndio ufungue.

Nyie mnaofika kusaidia, msimvute majeruhi mikono na miguu kama gunia. Kama hakuna moto wala harufu ya mafuta, mwacheni alipo, mmoja amshikilie kichwa kisigeuke, mwingine apige 112. Likiwa ni lori la mafuta ondokeni mbali kabisa. Msamvu pale Morogoro tarehe 10 Agosti 2019 lori lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, likalipuka na waliokufa walizidi 100.

Na wewe uliyetoka unatembea, nenda hospitali hivyohivyo, usipande gari nyingine kuendelea na safari. Wengu au ini linaweza kuvuja damu taratibu huku unajiona mzima. Mwambie daktari gari ilibiringika, usiseme tu "ajali ndogo", na hata akikuruhusu ukaanza kusikia tumbo linakaza, kizunguzungu, kutapika, mkojo una damu au ganzi mikononi, rudi hapohapo hata kama ni usiku wa manane.