Gunia la bibi lilikuwa na kilo 147

Mmeuliza wiki hii ni mwanafikra gani wa zamani aliyeitengeneza dunia tunayoishi leo. Nimesoma majibu ya wenzangu, mmoja kamtaja Plato, mwingine Karl Marx, kuna kaka wa Iringa kaandika vizuri tu kuhusu Mwalimu na Azimio la Arusha la 1967, alafu akaja mmoja na Adam Smith, yule wa uchumi, na ule mkono usioonekana anaosema unaliongoza soko. Hapo ndo nikashindwa kunyamaza. Huo mkono mimi nimeuona. Ulikuja kijijini kwetu Isongole na fuso, umevaa saa ya dhahabu feki, ukanunua viazi vya bibi yangu kwa lumbesa.

Kwa hiyo najibu, ila nitajibu pembeni kidogo ya mlichouliza, mnisamehe. Nani kaibadilisha dunia mi sijui sana. Ninachotaka kujua ni hayo mawazo yakishaandikwa huko Ulaya yanafikaje shambani kwetu, na yakifika yanafika mazima au yameshapunjwa njiani. Na nawaambia kabisa, nilivyoshika simu kuandika hapa jibu langu lilikuwa hayafiki.

Mwaka huo nilikuwa kidato cha pili, bweni. Ada ilikuwa 70,000 kwa mwaka, nyie mliokuja baada ya 2016 mnaosoma bila ada hamuwezi kuelewa ile hali ya jina lako kusomwa mstarini asubuhi. Mwezi wa sita nikarudi nyumbani kwa bibi mzaa mama, pale juu Isongole, ile baridi yetu si mnaijua, ukungu unashuka mpaka kwenye kizingiti na mikono unaiona inatoa moshi kama umetoka kuoga. Bibi alikuwa na viazi vyake, arka na kikondo kidogo, tumechimba siku nne, vimejaa kwenye magunia 11 barabarani chini ya mparachichi.

Kwa wale wa Dar ambao viazi mnakutana navyo kwenye chipsi: lumbesa ni gunia lililojazwa mpaka mdomoni, likashindiliwa, alafu juu yake wanaongeza kilemba, wanashona kwa shazia na kufuma kamba mpaka gunia linakuwa na kichwa na mabega kama mtu mzima. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100 na kila mwaka tunatangaziwa lumbesa ni marufuku. Ila bei ni ya gunia, nauli ni ya gunia, ushuru nao getini wanahesabu magunia, kwahiyo kila mmoja kwenye ile barabara ana faida gunia likiwa kubwa, kasoro mmoja tu. Na huko mwisho wa safari lile gunia likifunguliwa viazi vinauzwa kwa kilo, kwa kopo tunaloita sado, kwa fungu. Hakuna anayeuza kilemba bure.

Sasa siku hiyo mjomba wangu, mwalimu wa hesabu shule ya msingi, wakati huo ameshastaafu, akatokea na mizani. Ile ya kuning'iniza yenye uso kama saa ya ukutani, mwisho kilo 200, kaazima kwa mtu wa vyuma chakavu. Akaifunga kwenye tawi la mparachichi bila kumuuliza mtu. Dalali akaja, bibi akamsalimia kwa heshima zote, "Ugonile, tata," kana kwamba ni mgeni wa harusi, mjomba yeye hata hakuitikia akawaambia wale vijana wa kupakia, hebu ninyanyulieni hili moja.

Walinyanyua wanne. Tawi likalia. Mshale ukaenda ukarudi ukaenda ukasimama kwenye 143. Watu wakacheka, si kicheko cha furaha lakini, ile ya mtu kaonyeshwa picha yake bila kutegemea. La pili 151. La tatu 147. Mjomba akaokota mkaa akaandika zile namba tatu kwenye mbao za banda la ng'ombe, kubwa, kama anaandika ubaoni darasa la nne, akajumlisha 441, akagawa kwa tatu, 147, akapiga mstari mara mbili chini yake.

Dalali hakukasirika. Alisema tu, "Mwalimu, kilo ni za dukani. Huku barabarani tunanunua gunia." Na tajiri mwenyewe, yule aliyekaa ndani ya fuso na vioo kapandisha, hakusema neno lolote, aliwasha gari tu.

Ule mlio wa injini ndo ulimaliza mjadala. Majirani ambao magunia yao yalikuwa yamepangwa nyuma ya yetu wakaanza kumbembeleza mjomba, Mwalimu tafadhali, Mwalimu usituharibie, fuso nyingine itakuja lini. Na bibi, ambaye mimi nilidhani atasimama na mwanae, akamsogelea akamwambia polepole, "Shusha hiyo saa yako mwanangu. Viazi vikishinda kwenye jua vinageuka kijani, utavila wewe?" Mjomba akaishusha. Sijawahi kumuona mtu mzima anafungua fundo la kamba taratibu vile.

Yakaenda yote 11, kwa 35,000 kila moja. Hesabu nimeirudia mara nyingi sana maishani, hata nikiwa kwenye daladala: 11 mara 147 ni kilo 1,617, yaani ni magunia 16 ya halali na chenji. Bibi alilipwa 11. Matano yalipanda gari bure, 175,000, ada yangu ya miaka miwili na nusu. Na bibi alipopokea hela alisema asante, ndaga fijo, mara mbili.

Usiku motoni mjomba ndo akatusimulia habari za Wafaransa, nadhani zaidi alikuwa anajisimulia mwenyewe. Kwamba kule Ufaransa kabla ya mapinduzi ya 1789 kila mtawala mdogo na eneo lake alikuwa na kipimo chake cha nafaka, na mkulima akipeleka ngano ugomvi mkubwa ulikuwa je, kipimo kikatwe juu kwa ubao kiwe sawa na mdomo au kijazwe kilima. Kilima! Bibi aliposikia hivyo aliacha kuchochea moto. "Kumbe na wazungu walikuwa na lumbesa," akasema, na hiyo sentensi nimeibeba mpaka leo. Kwenye malalamiko waliyomwandikia mfalme mwaka huo watu wa vijijini walikuwa wanaomba mfalme mmoja, sheria moja, uzani mmoja, kipimo kimoja.

Nilikuja kuyasoma mwenyewe baadae sana. Mwaka 1790 hoja ikaingia bungeni kwao, ikapewa wanasayansi, na mmoja wa walioisukuma sana alikuwa Condorcet, mtu wa hesabu na falsafa, katibu wa Akademia ya Sayansi. Alikuwa anaamini kitu kinachoonekana cha ajabu ukikaa Isongole, kwamba mkulima asiyeweza kujipimia mwenyewe hawezi kuwa raia huru, maana kila siku anategemea huruma ya mwenye kopo. Wakaamua kipimo kisitoke kwenye mguu wa mfalme wala mkono wa mtu, kitoke kwenye dunia yenyewe: umbali kutoka ncha ya kaskazini mpaka ikweta ugawe kwa milioni kumi, hiyo ndo mita. Jamaa wawili, Delambre na Méchain, wakaanza 1792 kupima kutoka Dunkirk mpaka Barcelona, vita imeanza, Delambre anakamatwa njiani na vifaa vyake wanavijiji wanadhani jasusi, ikawachukua miaka kama saba. Kilo nayo ikatokana na mita, ni uzito wa maji ya boksi lenye sentimita 10 kila upande. Sheria ikapita 1795, na 1799 wakatengeneza mita na kilo za platinamu. Na ule msemo kwamba vipimo hivi ni vya watu wote kwa nyakati zote wanaupa jina lake Condorcet.

Yeye mwenyewe hakuyaona hayo. Mapinduzi aliyoyashangilia yakamgeukia, akajificha miezi mingi huku anaandika kitabu kuhusu maendeleo ya akili ya binadamu (ujasiri gani huo), akakamatwa Machi 1794, ndani ya siku mbili akakutwa amekufa mahabusu. Inasimuliwa kwamba kilichomponza aliingia kula akaagiza mayai ya kukaanga, akaulizwa mangapi, akasema dazeni. Wakajua huyu hajawahi kukaanga yai maishani mwake. Sina uhakika kama ni kweli au ni umbea wa karne ya 18, ila naipenda, mtu aliyeipa dunia vipimo hajui mtu mmoja anakula mayai mangapi.

Kwa hiyo hapa ndo nilipanga niishie. Kwamba haya, kilo ipo tangu 1795, mjomba anaijua, sheria inaijua, dalali anaijua vizuri kuliko wote, na bado gari ilipowashwa ndo ikashinda. Mei 20, 2019 wanasayansi wakaibadilisha tena kilo, wakaacha kutegemea kile kipande cha chuma kilichofungiwa karibu na Paris, moja ya sababu ni kwamba kwa miaka zaidi ya mia kilikuja kupishana na nakala zake kwa kama maikrogramu 50. Uzito wa alama ya kidole! Wenzetu wamekosa usingizi kwa alama ya kidole, sisi kwenye gunia moja zinapotea kilo 47 na tunalala.

Lakini nikiandika hivyo nakuwa muongo, maana zile namba hazikufutika. Mkaa ule ulikaa kwenye banda la ng'ombe mpaka mbao zilipobadilishwa. Watu walikuwa wanapita kuchota maji wanasimama wanasoma, 143, 151, 147, wengine wanaleta na watoto. Zamani tulikuwa tunasema "wanatunyonya", na dalali anajibu na nyie mmezidi kulalamika, inaisha. Sasa mtu wa darasa la saba anamwambia dalali mbele ya watu, umebeba 47 zangu. Mwaka uliofuata kitongoji chetu kikakubaliana gunia linafungwa mdomoni, kilemba hakuna. Ilishikilia wiki mbili. Wa kwanza kuivunja alikuwa na mgonjwa amelazwa na alihitaji hela siku ileile, simlaumu na jina lake siliandiki. Wiki mbili si kitu, najua. Ila hata Ufaransa Napoleon mwaka 1812 alirudisha majina na vipimo vya kienyeji madukani kwa sababu watu walikuwa wameshindwana na kilo, ikawa mpaka 1840 ndo ikarudi kwa lazima. Miaka 45 tangu sheria. Sisi kwani tumeanza lini?

Basi kura yangu mpeni Condorcet. Sikutegemea, ila mpeni.

Ila sasa. Leo mimi nina meza yangu sokoni Mwanjelwa, Mbeya mjini, viazi na maharage, mizani ya namba ninayo na sado ninayo, na nyie mnaodhani mteja anataka mizani njooni mkae na mimi Jumamosi moja. "Mama, nipimie kwa sado, hiyo ya umeme siielewi." Sado anaiona kwa macho, anaona imejaa, na anajua ikishajaa nitaongeza vitatu vinne juu kama kilima kidogo, hiyo ni nyongeza yake, na nisipoweka anahama meza. Nimekaa nikafikiria juzi, kilima ni kilekile. Kikitoka kwangu kwenda kwa mama mwenye mtoto mgongoni kinaitwa nyongeza na ni adabu, kikitoka kwa bibi kwenda kwenye fuso kinaitwa lumbesa na ni wizi. Tofauti yake ni nani ana uwezo wa kukataa. Na kilo ya Condorcet, pamoja na uzuri wake wote, haina pa kuweka nyongeza, ikifika 2.00 imefika. Juzi nilimpimia dada mmoja kwa mizani, ikasoma 2.00, akabaki amesimama na mfuko wazi ananitazama. Nikatupia vitatu. Ikasoma 2.35. Hakuiangalia hata, alikuwa ameshaanza kutafuta hela.

Mhariri, jibu limekuwa refu, kata unapotaka, hata ya mayai toa. Ila zile namba za mjomba zipange kama nilivyoziandika.